Mali bila daftari: namna ya kuitunza droni ya kazi



Juma lililopita, tukitoka msikitini baada ya Alasiri, kijana mmoja wa hapa Miritini alinishika mkono akanivuta kando. "Mzee wangu, nimejaliwa kununua droni. Nasikia wewe na mpwa wako mnayo ya kazi. Hebu niambie, hii hufanyiwa sevisi kama pikipiki, ama ni kuchaji na kurusha tu?"

Nilimjibu kwamba pikipiki ikizimika husimama kando ya barabara, lakini droni ikizimika huanguka, na chini yake huenda pana mtu. Akaniomba nimwandikie. Nimeona heri niwaandikie nyote, kwa maana vijana wanaotafuta riziki kwa droni huku kwetu bara ya Mombasa wanazidi: wapiga picha za arusi, wakaguzi wa mapaa ya magodauni, wapimaji wa mashamba na viwanja.

Mimi si rubani. Nina diploma ya umeme, na mwenye leseni ya kurusha ni mpwa wangu. Yeye huenda kazini, mimi hubaki mezani na bisibisi, brashi na daftari. Ukiniuliza kipi kati ya hivyo vitatu ni muhimu zaidi, nitakwambia daftari. Haikuwa hivyo zamani, na sharti nianze na kilichonifundisha.

Yaliyotukuta Mariakani

Droni yetu ilinunuliwa kwa fedha za chama cha dada yangu, mamake huyo mpwa. Wanawake wale waliweka akiba mwezi baada ya mwezi, wakamkopesha. Kwa hiyo si chombo cha mtu mmoja. Ni amana.

Siku moja mpwa aliitwa Mariakani kupiga picha paa la godauni lililokuwa likivuja. Usiku wa kuamkia safari ile mimi ndiye niliyezipanga betri mkobani. Tulikuwa nazo tatu, zote zikifanana, hazina namba wala alama. Nikaona moja imefura kidogo ubavuni. Nikasema moyoni, nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikatoka mapema kwenda kazini, nikasahau.

Betri mbili za kwanza zilifanya kazi vizuri. Ya tatu ilikuwa ingali inaonyesha asilimia arubaini na kitu pale ilipokata nguvu ghafla. Droni ikaanza kushuka yenyewe, ikayumba, ikapiga mabati ya paa, ikateleza mpaka ukingoni, ikaanguka chini. Mtoto wa miaka sita hivi alikuwa akipita na kidumu cha maji. Iliangukia hatua tatu kutoka alipokuwa.

Mwenye godauni hakupiga kelele. Aliuliza maswali matatu tu: betri hii ni ya lini, ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na aliyeikagua ni nani? Mpwa hakuwa na jibu hata la moja. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine, nasi tukabaki na droni iliyovunjika mkono, na deni la chama.

Jioni alinipigia simu. "Mjomba, ulijua?"

Nilijua. Nilijua na sikuandika popote. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nikidhani methali ile ni ya wenye maduka. Tangu siku ile kila kinachofanywa kwa droni hii huandikwa. Yanayofuata ndiyo tuyafanyayo.

Kwanza ujue uko wapi

Kanuni za droni za Kenya zilizochapishwa mwaka 2020 ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Droni husajiliwa, rubani wa kazi za kulipwa huwa na leseni, na mwenye biashara huwa na cheti cha uendeshaji. Mwenye cheti hutakiwa pia kuonyesha utaratibu wake wa matengenezo na kumbukumbu zake. Kwa hiyo daftari ninalolisifu hapa ni sehemu ya kazi, wala si hiari ya mtu mwangalifu peke yake.

Kuna mipaka mitatu ya kukumbuka. Usipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani karibu mita 120. Usisogee chini ya mita 50 kutoka kwa watu, magari au majengo yasiyo chini ya mamlaka yako. Na usiruke ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila idhini.

Huo wa tatu unatuhusu sisi hasa. Miritini, Jomvu, Mikindani, Changamwe, Chaani na Magongo zote ziko ndani ya kilomita 10 za Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Ndege za abiria hutupitia juu ya vichwa tukinywa chai. Kwa hiyo "ngoja niijaribu kidogo hapo uwanjani" isiwe kauli yako. Hapa Miritini sisi huitunza droni mezani, kuijaribu huenda mbali, na kwa ruhusa. Ongeza juu yake kambi za jeshi na majengo nyeti ya serikali, ambayo Mombasa hayakosi.

Maadui wanne wa pwani

Kitabu kinachokuja na droni kimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Sisi tuna maadui wetu.

Wa kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini hubeba chembe za maji ya chumvi usizoziona. Zikikauka juu ya pini za shaba na skrubu, kutu huanza. Ukirusha Likoni, Shelly au popote ufuoni, futa droni nzima siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usiimwagie maji. Pini za betri zifute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, uziache zikauke kabisa.

Wa pili ni vumbi. Ukiishi Miritini, malori ya kontena yatakufundisha. Vumbi huingia ndani ya mota na matundu ya kupitishia hewa. Brashi laini ya rangi au mswaki mkavu unatosha. Ukitumia hewa ya kupuliza, usiielekeze kwenye kamera wala usiisukume ndani ya mota kwa nguvu.

Wa tatu ni jua. Gari lililofungwa vioo, limesimama kwenye foleni ya Changamwe saa sita mchana, ni tanuri. Betri haipendi tanuri. Mkoba wa droni hukaa miguuni pa abiria, si kwenye buti wala juu ya dashibodi.

Wa nne ni unyevu. Masika yakianza, hata chumvi ya jikoni hulowana. Ndani ya mkoba weka vile vijifuko vya punje za kunyonya maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Ukitoka chumba chenye ubaridi wa eyakondishena ukaingia joto la nje, subiri kama robo saa kabla ya kuwasha, kwa sababu ukungu huota juu ya lenzi na juu ya umeme wa ndani pia.

Betri

Droni nyingi za kazi hutumia betri za lithiamu. Seli moja ya kawaida huwa na volti 3.7 za wastani, na ikijaa hufika 4.2; zipo aina zinazopanda juu kidogo ya hapo. Betri moja huwa na seli tatu, nne au zaidi zilizoungana, na nguvu yake ni nguvu ya seli iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana betri yetu ilionyesha asilimia nzuri kisha ikakata. Seli moja ilikuwa imechoka, nyingine zikaificha.

Mambo tunayoyafuata ni haya:

Kila betri ina namba. Tumeandika B1, B2, B3 kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na mwezi na mwaka wa kununuliwa.

Betri ikitoka kurushwa ni ya moto. Iache ipoe nusu saa kabla ya kuichaji. Chaji mahali penye joto kati ya nyuzi 5 na 40. Kwetu tatizo ni hiyo 40.

Usichaji usiku mkiwa mmelala. Usichaji mlangoni, wala chini ya ngazi, wala karibu na godoro. Moshi wa betri ya lithiamu ni sumu, na moto wake huja ghafla. Sisi huchajia barazani juu ya sakafu ya saruji, pana ndoo ya mchanga kando, na mtu yupo.

Ikiwa huruki kwa siku kadhaa, usiiache imejaa wala imekauka. Iweke kati ya asilimia 40 na 60, ambayo ni karibu volti 3.8 kwa kila seli. Betri nyingi za kisasa hujipunguza zenyewe baada ya siku kadhaa, lakini soma kitabu chako uhakikishe.

Tua ukiwa umebakiwa na asilimia 25 au 30. Anayesubiri mpaka droni ilie "nimechoka" anacheza na upepo wa kusi: kwenda ulisukumwa, kurudi utapambana nao, na betri hulika mara mbili.

Mara moja kwa mwezi angalia volti za kila seli kwenye programu ya droni. Betri ikiwa imejaa na imepumzika, seli zake zatakiwa kuwa karibu sawa. Tofauti ikifika volti 0.1, sisi huitenga. Vilevile angalia idadi ya mizunguko ya chaji. Ikipita 200 tunaanza kuishuku, hata kama ingali inaonekana nzima.

Iliyofura haitumiki tena. Usiitoboe, usiibane, usiseme "ya mwisho tu." Itoe nje ya nyumba, iweke ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Usiitupe jaani, watoto na waokota chupa hupita pale.

Na kwa wanaosafiri kwa ndege: betri za akiba hupanda nawe juu, haziingii kwenye mizigo ya chini. Chini ya Wati-saa 100 kwa kawaida hakuna shida. Kati ya 100 na 160 sharti upate idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo abiria haruhusiwi. Hesabu yake ni volti mara ampea-saa. Betri ya volti 15.4 na ampea-saa 3.85 ni Wati-saa 59 na kidogo. Funika pini zake kwa utepe. Na kama safari ni ya Maskati, Dubai au kwingineko, uliza kwanza sheria ya nchi ile kuhusu droni yenyewe, usije ukaiacha forodhani.

Mapanga na mota

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye droni methali hii ni ya mapanga. Kila asubuhi ya kazi pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa kila panga, kutoka shinani mpaka nchani. Ukucha huona ufa ambao jicho halioni. Lipinde kidogo utazame shinani, mahali linapokaza; nyufa nyingi huanzia pale. Panga lenye ufa hutupwa. Usiligundishe kwa gundi wala usilisugue kwa msasa, kwa kuwa uzito ukipotea upande mmoja mtetemo huanza, na mtetemo huharibu mota na picha.

Badilisha mapanga kama kitabu kinavyosema, na uzingatie upande wa kuzunguka, yana alama. Panga la kushoto likifungwa kulia, droni itapinduka palepale chini. Sisi hubadilisha seti nzima kila baada ya saa 50 za kuruka, hata kama hayana kasoro, na huandika.

Mota zizungushe kwa kidole, droni ikiwa imezimwa na betri imetolewa. Zote nne zizunguke laini, zisikwaruze. Ukisikia mchanga, usirushe. Ndani ya mota mna sumaku, na mchanga wa ufuoni mara nyingi huwa na chembe nyeusi za chuma ambazo hunasa kwenye sumaku hizo. Kwa hiyo usirushe kutoka juu ya mchanga. Sisi tuna kipande cha turubai ambacho dada yangu alikishonea vifuko vya kokoto pembeni, upepo wa mapanga usikipeperushe. Ukitua, gusa kila mota kwa haraka. Moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, ina jambo.

Kaza skrubu za mikono na miguu, lakini usikaze kupita kiasi, plastiki hupasuka. Skrubu inayolegea mara mbili mahali pamoja inakwambia kuna mtetemo, utafute chanzo.

Kamera, vihisi na dira

Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini cha miwani, si kwa shati. Kile kishikio kinachoituliza kamera, ambacho mafundi hukiita gimbali, kiwekewe kifuniko chake kila safari. Ni kidogo, ni dhaifu, na kukitengeneza ni ghali.

Droni nyingi zina macho madogo ya kuona vizuizi, mbele, chini na nyuma. Alama ya kidole chenye mafuta ya mahamri yatosha kulidanganya jicho lile. Yafute pia.

Dira ya droni hutegemea sumaku ya dunia, kwa hiyo chuma kikubwa huipotosha. Usiisawazishe karibu na kontena, gari, nguzo ya umeme, mabati wala juu ya paa la zege lenye nondo. Kwetu hapa, kati ya yadi za kontena, reli na stesheni ya treni ya Mombasa Terminus iliyofunguliwa mwaka 2017, mahali safi si rahisi kupata. Isawazishe ukifika eneo la kazi, palipo wazi, ukiwa umeweka simu, saa ya chuma na funguo mbali.

Kabla ya kuruka hakikisha pia kimo cha kurudi nyumbani. Droni ikipoteza mawasiliano hupanda mpaka kimo ulichoiwekea, kisha hurudi moja kwa moja. Ukiweka mita 20 katika mji wa minazi, minara ya misikiti na milingoti ya simu, umeiambia ijigonge. Tazama kilicho kirefu zaidi hapo, uongeze.

Programu

Sasisha programu ya droni, ya rimoti na ya betri zote kwa pamoja, nyumbani, kukiwa na intaneti nzuri na umeme wa uhakika. Usisasishe usiku wa kuamkia kazi. Baada ya kusasisha, ijaribu mahali paruhusiwapo kabla ya kuipeleka kwa mteja, maana kimo cha kurudi na mipaka mingine uliyoiweka huenda imebadilika. Andika tarehe na namba ya toleo.

Ratiba kwa ufupi

Kabla ya kila kuruka: ruhusa na mahali, hali ya hewa, mapanga kwa ukucha, betri imebana sawasawa, kadi ya picha imo, dira na GPS ziko sawa, kimo cha kurudi. Kisha ipandishe mita mbili au tatu, iache itulie hewani nusu dakika, usikilize. Sauti ikibadilika, itue.

Baada ya kila kuruka: gusa mota, tazama betri kama imefura, futa vumbi, jaza daftari kabla ya kuondoka mahali pale.

Kila juma: pini za betri, skrubu, vihisi, vifuko vya kunyonya maji.

Kila mwezi: volti za seli, mizunguko ya chaji, nakala ya daftari, hali ya rimoti na nyaya zake.

Mara moja kwa mwaka, au baada ya kuanguka, kulowa au kugonga kitu: fundi aifungue. Usiridhike kwa sababu bado inawaka. Yetu ya Mariakani iliwaka vizuri, lakini fundi alikuta waya wa mota moja umekatika nusu.

Daftari lenyewe

Programu ya droni huweka kumbukumbu zake, nazo ni nzuri, zihifadhi. Lakini haijui kwamba uliiona betri imefura usiku, wala kwamba panga lilibadilishwa. Hayo huyajua wewe, na usipoyaandika yatakufa nawe. Kwa hiyo tunalo daftari la kurasa ngumu, tumeligawa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya safari za angani. Kila mstari una tarehe, mahali, kazi, jina la rubani, upepo na hali ya hewa, saa ya kupaa na kutua, namba ya betri, asilimia ya kuanzia na kumalizia, na maelezo. Mfano: "Kaloleni, kupima shamba. Kusi wa wastani. Saa 2:10 hadi 2:27 asubuhi. B1, 98 hadi 34. Mota ya nyuma kulia ina joto kidogo." Mstari kama huo huandikwa kwa dakika moja.

Sehemu ya pili ni ya betri, ukurasa mmoja kwa kila betri: imenunuliwa lini, wapi, mizunguko mingapi, volti za seli kila mwezi, na siku ilipostaafishwa. Ukurasa wa B3 umepigwa mstari mwekundu. Tumeuacha humo makusudi.

Sehemu ya tatu ni ya matengenezo: nini kilibadilishwa, kwa nini, kwa saa ngapi za kuruka, nani aliyefanya, na risiti imebandikwa. Na hapa ndipo ilipo kanuni yetu kubwa. Atakayeona kasoro huiandika saa hiyo hiyo, kwa wino mwekundu, na droni hairuki mpaka mtu wa pili atie saini kwamba imetatuliwa. Tusingojee "nitamwambia asubuhi."

Mwisho wa mwezi kila ukurasa hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mtu wa tatu. Kwetu ni dada yangu, kwa niaba ya chama. Wale akina mama hawajui volti, lakini wanajua kusoma tarehe. Mwezi mmoja alituuliza mbona ukurasa wa betri hauna kitu. Tulikuwa tumesahau.

Daftari lina faida nyingine. Ajali ikitokea sharti iripotiwe kwa mamlaka, na kampuni ya bima nayo itauliza yale maswali matatu ya mwenye godauni. Ukitaka kuiuza droni, mnunuzi atakuamini kwa maandishi zaidi ya kiapo.

Kwa majirani zetu Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walishiriki mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo za mabawa zinazotua kwa tumbo, ili itengenezwe ramani. Maelfu ya picha yakawa ramani moja kwa sababu kila picha ilijulikana imepigwa wapi na lini. Picha isiyo na tarehe wala mahali huwezi kupimia kiwanja cha mtu.

Picha na sitara za watu

Kumbukumbu za droni si za chombo tu. Kadi ya picha imebeba nyua za watu. Sisi wa pwani twajua maana ya ua: ndani yake mwanamke hufunua kichwa, huanika, hujiosha. Ukipaa juu ya mtaa kupiga picha paa moja, umepiga nyua kumi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha kwa picha zinazomtambulisha mtu, na kabla ya sheria ile tulikuwa na adabu zetu.

Kadi zetu zina namba kama betri. Tunaandika kazi gani imo kwenye kadi gani, nani amepewa nakala, na siku tulipofuta. Video za arusi za upande wa wanawake hukabidhiwa mwenyewe mkononi, na zetu hufutwa mbele yake.

Mwisho

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Ninaikumbuka ninapoifungua sehemu ya tatu ya daftari letu, kwa sababu droni ya kazi ni deni kwa waliokukopesha fedha na kwa kila mtu anayepita chini yake.

Miezi minne baada ya Mariakani, mpwa alirudi kwa yule mwenye godauni. Hakwenda kuomba kazi. Alikwenda kumwonyesha daftari. Mzee yule alivaa miwani, akafungua ukurasa wa B3, akausoma mpaka ule mstari mwekundu. Chini yake niliandika kwa mkono wangu: "Ilionekana imefura usiku wa safari. Haikuandikwa. Kosa ni langu," nikatia saini.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Paa la pili mwaweza kuja lini?"

Kijana wa Alasiri, jibu lako ndilo hili. Kabla hujaichaji hiyo droni yako mara ya kwanza, pitia dukani ununue daftari. Wabillahi tawfiq.